Mlinzi Huitikia Debe

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuitwa jina lako mahali usipomwona mtu, ukauma meno ukanyamaza?

Sisi wa Ngarambelo tulifundishwa hivyo kabla hatujang'oka meno ya utotoni. Mashamba yetu yamepakana na msitu, na msitu una wenyewe: nguruwe, nyani, tumbili, ndezi, na wale wakubwa wenye mkonga. Kwetu kupanda chakula si kukipata. Unakipata ukikilinda. Ndiyo maana kila konde lilikuwa na dungu lake, kichanja cha miti kilichoinuliwa juu kupita kichwa cha mtu na kuezekwa nyasi. Mlinzi alikaa humo na teo lake na mawe yake, na kisiki kikifuka moshi chini. Aliyempelekea chakula hakuita. Aligonga debe kwa mpigo wa nyumba yao, mlinzi naye akajibu kwa debe lake, ndipo mtu akasogea. Sauti haikujibiwa, hata ikiwa ya mama yako mzazi. Wazee walisema sauti haina miguu, huwezi kujua imekuja na nani. Mlinzi huitikia debe.

Nimelitanguliza hili ili nikifika mbele usinikatize.

Madungu yalikufa mwaka ule Mradi ulipotuletea Utando. Ulikuja umekaa kwenye vyungu, nyuzi nyeupe nyembamba kama uzi wa kushonea sanda, hai, zikijisogeza ukizitazama kwa muda. Chungu kimoja kilizikwa katikati ya kila konde, kikawa mama, tukawa tunakinywesha maji ya miwa. Nyuzi zikatambaa chini ya matuta mpaka zikashikana na za jirani. Msimu ule wa kupanda tuliambiwa tutembee peku, kila mtu wa nyumba, ili Utando uzijue nyayo zetu, uzito wetu, mwendo wetu, jasho letu. Mume wangu Nambunga alitembea akiwa na miguu yake miwili mizima, anakanyaga kama anayetwanga. Kumbuka hapo.

Kiumbe kingine chochote kikikanyaga, Utando unatoa pumzi. Anayeivuta hapigwi wala hachomwi. Anaogopa tu, na kila mmoja kwa hofu yake aliyokuja nayo: nguruwe anamwona chui, panya anamwona nyoka. Yule bwana wa Mradi alisimama pale uwanjani akasema hofu haina damu. Tukapiga makofi.

*

Asubuhi ninayoianzia nilikuwa nayachavusha maboga. Nyuki walikuwa wameacha kuja kwetu. Mradi ulisema nyuki hakanyagi chini, hana sababu ya kuogopa, na mimi sibishani na waliosoma, ila nyuki walikuwa hawaji. Basi navunja ua dume, nalivua ile njano yake yote, nabaki na kile kijiti cha katikati chenye vumbi, nalipaka ua jike taratibu kama ninayempaka mtoto dawa ya macho. Unazunguka boga kwa boga. Mgongo unauma, na kimya kinakaa masikioni kama pamba. Hapana ndege. Hapana hata panzi.

Nikasikia jembe linagongwa kwenye jiwe mpakani. Ulikuwa mpigo wa wifi yangu Esha, dada wa mume wangu, konde lake limegusana na langu. Nikagonga langu, nikaenda.

Alikuwa amesimama na khanga ameikaza kiunoni, anatazama chini. Nguruwe dume mkubwa amelala pale mpaka wetu unapogusa msitu, kichwa kiko kwangu, miguu ya nyuma iko porini. Hana jeraha. Macho yamebaki wazi. Kwato za mbele zilikuwa zimechimba mtaro, na mdomo umejaa udongo, kama aliyetaka kuingia ardhini ajifiche.

"Si yule mwenye sikio lililochanika?" Esha akauliza.

"Ndiye."

"Si alikuja juzi akatoka mbio anajikojolea, tukacheka mpaka tukakaa?"

"Ndiye, wifi. Amerudi."

Esha akatema mate pembeni. "Sisi kwetu haramu. Lakini hata wale wanaomla, huyu wasingemla. Hii nyama imeogopa mpaka ndani ya mfupa."

Alisema kwa mzaha, kama kawaida yake, ila hakumgusa, na mimi sikumgusa. Tulimburuta kwa kamba, tumeishika mbali kabisa, mpaka korongoni. Tulipogeuka niliona kitu ambacho sikumwambia Esha. Ukingoni mwa msitu, majani yalipokuwa yamefungamana, walikuwapo nguruwe wengine, wamesimama tu. Hawakuwa wanalitazama konde. Walikuwa wanatutazama sisi.

*

Mume wangu alikuwa amepigwa na kiharusi wakati wa baridi. Uso wake upande wa kulia ulishuka kama ukuta ulionyeshewa, mkono ukalegea, na mguu ukawa haunyanyuki tena, unafagia. Maneno yalimkimbia. Alibakiwa na maji, na hapana, na jina la Mwenyezi Mungu. Mtu aliyekuwa akisimulia uwindaji mpaka chai inapoa vikombeni sasa alikuwa anakaa mkekani barazani, anapukuchua mbaazi kwa mkono mmoja, ganda anaweka huku, punje kule, na hakosei.

Alasiri ile ile ya nguruwe nilikwenda kisimani. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu na mbaazi zimemwagika.

Halafu nikasikia kilio kutoka kondeni. Usiniambie unajua kilio cha mtu mzima mpaka usikie cha mwanamume aliyekuwa akimfukuza tembo kwa kijinga cha moto. Nilitupa ndoo. Nilimkuta amepiga magoti kwenye matuta ya njugu mawe, jasho linamtiririka, mkono ule mzima umeshika udongo. Hewa ilikuwa inanuka kama chuma kilicholowa. Mimi sikuhisi kitu. Unyayo wangu ulikuwa unajulikana. Nilisimama katikati ya lile lililokuwa linamuua mume wangu, na kwangu lilikuwa alasiri kama alasiri nyingine.

Nikaelewa. Utando ulimjua mtu anayekanyaga kama anayetwanga. Huyu anayefagia mguu mmoja haukumjua.

Nilimkumbatia kwa nyuma nikamvuta. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa kuku aliyebebwa kwa miguu. Na nilipokuwa namvuta kuja nyumbani, yeye alikuwa anavuta kwenda ndani, kule lilikosimama dungu letu la zamani. Nikadhani ni kupotewa. Mgonjwa wa kiharusi hupotewa na upande.

*

Ofisi ya Mradi ilituachia redio ndogo, tunaining'iniza kwenye nguzo. Aliyekuwa akitujibu siku hizo ni binti mmoja wa nyanda za juu, jina lake Bupe, mtaalamu wa Utando, sauti yake ya upole na haina haraka. Nikamweleza.

"Pole sana, bibi. Msimrudishe mle."

"Si unaweza kuuambia kwamba huyu ni mwenye konde?"

"Nyuzi zinajifunza nyayo zikiwa changa, wakati wa kupanda. Sasa zimekomaa. Zimeshika zilichoshika."

"Basi ataogopa mpaka mvua?"

"Si hilo tu, bibi. Aliyetishwa akarudi, Utando unamhesabu mkaidi. Kwa mkaidi unaongeza. Akirudi tena, unaongeza tena."

"Unaongeza mpaka wapi?"

"Yule nguruwe uliyesema," Bupe akaniuliza taratibu, "ilikuwa ni mara yake ya kwanza?"

Nilikaa chini pale pale chini ya nguzo.

Nikamuuliza kama Utando unaweza kuuawa. Akasema ndiyo, ni jambo la ndoo moja ya maji ya chumvi kwenye chungu cha mama. Lakini nyuzi zangu zilikuwa zimeshikana na za Esha, na za Esha na za wengine, mpaka mwisho wa kijiji. Ukiua mmoja umeua wote. Na mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanashika maziwa, na madungu tulishayafanya kuni, na vijana wanaojua teo hawapo tena. Nikawakumbuka wale nguruwe waliosimama ukingoni. Walikuwa wanangoja siku moja tu.

"Naja na kibao," Bupe akasema. "Tunakifanyia majaribio. Mtu anaweka mguu juu yake, kibao kinaupeleka unyayo kwenye chungu cha mama kwa nguvu, hata kama nyuzi zimekomaa. Lakini lazima auweke mwenyewe, vizuri, na atulie. Mpaka nifike, mzuie."

Mzuie. Neno jepesi redioni.

Nilifunga lango la konde kwa kamba ya katani. Akalifungua. Nikaweka mti. Akautoa. Esha akaja jioni na ugali wake na ulimi wake.

"Mfunge."

"Kaka yako mkubwa, Esha. Nimfunge?"

"Mbuzi tunamfunga kwa kuwa hatumpendi? Tunamfunga kwa sababu tunamtaka kesho awepo." Akageuka akamtazama kaka yake, sauti ikashuka. "Na wewe, mzee wa watu, ulishinda na tembo, leo unataka kufa kwa kunusa."

Nambunga alimtazama kwa jicho lile zima, akacheka upande mmoja.

Nilimfunga. Nilitumia khanga yangu laini, kutoka kifundo cha mguu mbovu mpaka nguzo ya baraza, nikaacha nafasi afike kivulini na afike kwenye maji. Hakupigana. Alinitazama nikifunga, akanyoosha mguu ili nisihangaike. Hilo lilinitesa kuliko kama angenipiga teke.

*

Siku ya pili yake nilikuta ameifungua khanga kwa meno, ameikunja vizuri, ameiweka mkekani, na mwenyewe hayupo.

Safari hii sikukimbia kumwita. Sijui ni nini kilinishika. Nilipita kwenye mahindi, nikasimama nyuma ya safu ya mbaazi, nikamtazama.

Kila mnyama niliyewahi kumwona akipatwa na Utando alitoka mbio kwenda nje. Hiyo ndiyo kazi ya hofu, kukupeleka nje. Mume wangu alikuwa anakwenda ndani. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, akaanguka, akatambaa kwa kiwiko, akasimama kwa kushika bua la muhindi. Alikuwa analia. Na katikati ya kilio anasimama, anainamisha kichwa upande, sikio limeelekezwa kwenye dungu, midomo inacheza. Alikuwa anasikiliza. Kama mtu aliyeitwa, ambaye hana hakika kama ni yeye.

Hapo ndipo mimi niliogopa, na Utando haukuhusika.

Lazima nikueleze kuhusu dungu lile. Wengine walivunja yao. Nambunga alikataa, na hakutoa sababu, na mimi sikumwomba. Tulikuwa na mtoto mmoja, Somoe. Msichana mwembamba wa mwendo wa haraka, anayekula maboga mabichi na kusema matamu. Mwaka ule wa mwisho kabla ya Utando alikuwa ndiye anayempelekea baba yake chakula dunguni, jua linapozama. Jioni moja wale wakubwa walitoka msituni upande ambao hawakuwa wakitokea. Tulimpata kwenye matango. Debe lake tulilikuta mbali naye, njiani, limekanyagwa likawa bapa kama sahani. Chakula cha baba yake kilikuwa bado kimefunikwa.

Watu waliacha kuniita Mama Somoe, wakarudia Binti Ngaweje, jina la kwa baba yangu, kwa kunihurumia.

Nambunga alikuwa juu dunguni jioni ile. Nilimuuliza mara moja tu katika maisha yetu, baada ya arobaini. Nilisema, ulisikia chochote? Akasema, sikusikia debe. Nikamwamini. Na niliendelea kumwamini.

Nilimtoa kondeni siku ile nikiwa nimembeba mgongoni, mtu mzima yule, jinsi alivyokuwa amekonda. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yanaruka, yanapotea, yanarudi.

*

Bupe alifika kesho yake na mabuti ya mpira, mfuko wa dawa, na kibao chake ndani ya mfuko mwingine. Kilikuwa cha bati jeusi, ukubwa wa sinia la watu wawili, na uzi mweupe ukitoka ubavuni, nikaupeleka mimi mwenyewe mpaka kwenye chungu cha mama. Alimwamkia Nambunga shikamoo kwa heshima kabisa, akapiga magoti mbele yake.

"Babu, uweke mguu hapa, utulie kidogo. Baada ya hapo utaingia shambani kwako unavyotaka, na hakuna kitakachokutisha tena. Kutakuwa kimya kabisa mle. Kama mwanzo."

Nambunga alilisikiliza kila neno. Aliposikia kimya, vidole vya mguu vikajikunja.

Nilimshika mguu, nikausogeza. Akaurudisha. Nikausogeza tena kwa kumbembeleza. Akaurudisha.

"Hapana," akasema.

"Kaka, usitupotezee siku," Esha akasema, naye akamshika mabega kwa nyuma. "Umekuwa mtoto wa kutahiriwa? Weka mguu."

"Hapana."

Halafu mkono wake mzima ukapapasa mkekani, ukapata fimbo yake. Nikadhani anataka kumpiga Bupe. Akakigonga kile kibao. Akagonga tena, akangoja, akagonga mara mbili haraka.

Bupe akakivuta kibao. "Babu, kitaharibika."

Lakini mimi nilikuwa nimeutambua ule mpigo. Esha naye alikuwa ameyaachia mabega ya kaka yake. Ulikuwa ni mpigo wa nyumba yetu. Ulikuwa jibu la dunguni: nimekusikia, nipo, sogea. Sikuwa nimeusikia tangu mwaka ule wa matango.

"Unamjibu nani?" nikamuuliza.

Mdomo ukahangaika. Neno lilikuwa linakuja kutoka mbali, linakokotwa. "Ana... ita."

"Nani anaita, baba?"

Machozi yakashuka upande mmoja wa uso.

"Anaita kwa debe?"

"Hapana," akasema. Na safari hii neno lile lilikuwa limesimama mahali pake hasa.

Sikusikia debe. Aliniambia kweli tupu, na mimi nikaipokea kama ninayepokea kitu kilichofunikwa, nisikifunue. Debe lilikuwa limemdondoka mtoto njiani. Alikuwa amebaki na mdomo wake. Na juu dunguni alikaa mlinzi aliyelelewa vizuri, anayejua kwamba sauti haijibiwi, hata iwe ya nani, hata ikuite baba. Kila konde lina watu waliofunzwa hivyo. Mimi mwenyewe ningenyamaza. Mama yangu angenyamaza.

Sasa Utando ulikuwa umepekua kifua chake ukitafuta la kumtisha, ukalipata hilo, ukawa unampa kila akiingia. Na kila akirudi unaongeza, kwa hiyo kila akirudi sauti inakuwa karibu zaidi.

Bupe alielewa nusu, nikamweleza nusu iliyobaki. Binti wa watu akavua kofia.

"Bibi, mle hamna mtu. Utando hausemi hata neno. Unatoa hewa, na kichwa chake kinafanya yaliyobaki."

"Najua hamna mtu."

"Akiingia tena moyo hautahimili. Mapigo nimeyashika mwenyewe hapa mkononi, yanajikwaa."

"Nayo najua."

"Basi mshikeni," Esha akasema. Alikuwa analia na hakujifuta. "Tuko wanawake watatu, yeye ana upande mmoja. Mshikeni mguu, tuuweke, alaani anavyotaka. Alaani akiwa hai."

Sasa nikuulize wewe, maana nimeliuliza hili kila nikichambua mboga. Mguu wake ulikuwa mikononi mwangu. Ulikuwa mwepesi, mkavu, kisigino kimepasuka, kovu la jembe lipo pale lilipo. Nilikuwa na uwezo. Kuusogeza kidogo tu na kuukandamiza, na Utando ungemjua, na angekaa na mimi mpaka mavuno, na labda mvua nyingine, anapukuchua mbaazi, hakosei. Konde lingekuwa kimya. Sauti ile ingefungwa, na angekufa siku yake kitandani akiwa hajaijibu. Na mimi nilitaka aishi. Sikufichi. Nilimtaka hata hivyo alivyo, nusu, bila maneno.

Nikautazama mguu, nikamtazama mwenyewe. Hakuwa anauvuta tena. Alikuwa ameuacha mikononi mwangu, kama siku ile alivyounyoosha nimfunge. Angekubali. Hilo ndilo lililonivunja. Angekubali kwa ajili yangu, na asingelalamika, maana alishazoea kunyamaza.

Niliuweka mguu chini, mkekani.

"Wifi," Esha akasema.

"Chukua jembe ukasimame mpakani. Wale wa msituni wakisogea, gonga."

"Wifi, huyu ni kaka yangu."

"Ni kaka yako. Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Bupe alinishika mkono. "Bibi, akiingia safari hii sina la kukuahidi."

"Sijakuomba ahadi, mwanangu. Shika ule mfuko wako wa dawa, utufuate mpaka langoni. Wewe usiingie, Utando haukujui."

*

Nilimnawisha uso, nikamvalisha kofia yake. Nilivua kandambili zangu. Nikapitisha mkono wake begani kwangu, tukaenda, mimi nikikanyaga, yeye akifagia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Majani ya maboga yalikuwa yametanda, makubwa, yametulia, na hakuna lililotikisika. Tulipovuka lango ile harufu ya chuma kilicholowa ikapanda kutoka kwenye matuta yote kwa pamoja, kana kwamba Utando ulikuwa unatungoja. Mwili wake ukakakamaa. Kutetemeka kwake kukaingia kwenye mifupa yangu mimi. Mpakani nikasikia Esha anaanza kugonga jembe, mara, tena mara, na nikajua bila kugeuka kwamba wale waliosimama ukingoni wamesogea.

"Nipo," nikamwambia. "Twende."

Tukapita kwenye njugu mawe. Tukapita mahali pa matango, ambapo tangu mwaka ule sipandi kitu, pameota majani tu. Akapiga yowe, akaficha uso shingoni kwangu, kisha akauinua. Moyo wake ulikuwa unanigonga ubavuni, unajikwaa, unajiokota. Tulifika chini ya dungu. Ngazi ilishaoza, lakini nguzo zilikuwa bado zimesimama. Aliishika moja kwa mkono wake mzima.

Akainamisha kichwa, akasikiliza.

Mimi sikusikia kitu. Nilitega sikio, Mungu ananiona, nilitega kwa nguvu zangu zote nipewe hata chembe, na sikupewa. Utando ulikuwa unanijua mno. Nilichokisikia ni jembe la Esha tu, na kisha hata jembe likanyamaza.

Uso wa mume wangu ukageukia kwenye matango. Kutetemeka kukaacha, ghafla, kama mvua inavyokata. Upande ule uliokufa wa mdomo ulijaribu kuamka na ule wa pili. Aliachia nguzo. Aliachia bega langu. Akasimama kwa mguu wake na nusu, peke yake, akajaza kifua ile hewa yote mbaya, na neno ambalo mlinzi hatakiwi kulitoa likatoka zima, kwa sauti yake ya zamani.

"Naam, Somoe," akasema. "Naam, mama. Kaa hapo hapo, usitembee. Baba anakuja."